Rafiki Alimtangulia Mpenzi

Futaba Yoshioka anaingia sekondari ya juu akiwa ameamua kujichusha. Anakula kwa pupa mbele za watu, anapayuka, hajipambi. Kisa ni kwamba huko alikotoka wavulana walimpenda, na wasichana wenzake wakamtenga kwa sababu hiyo hiyo. Afadhali aonekane mbaya kuliko kula peke yake. Ndivyo inavyoanza Ao Haru Ride, manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ambayo Io Sakisaka aliichora katika jarida la Bessatsu Margaret kuanzia 2011 hadi 2015. Wengi huitaja kuwa ni hadithi ya Futaba na Kou, kijana aliyempenda zamani, akatoweka, kisha akarudi. Mimi naiona zaidi kuwa hadithi ya Futaba na Yuri Makita, rafiki mpya anayemfungulia moyo na kumwambia anampenda Kou huyo huyo. Futaba anahangaika sana kabla ya kumjibu ukweli kwamba na yeye anampenda. Ukurasa huo una uzito kuliko busu lolote linalofuata.

Mabinti wengi wanaokulia huku ughaibuni huzikuta manga hizi kwenye rafu za maktaba za umma. Mzazi akipekua anaona mapenzi tu, akashtuka. Ningependa ajue kwamba katika utamaduni huu wa uandishi, urafiki ndio uliotangulia, tena kwa miongo mingi.

Mwaka 1899 serikali ya Japani iliagiza kila mkoa uwe na shule ya sekondari ya wasichana. Wasomaji wapya wakapatikana, na majarida yakawafuata: Shojo Kai mwaka 1902, Shojo no Tomo mwaka 1908. Kuwaandikia mabinti hao habari za kupendana na wavulana halikuwa jambo la heshima. Walikuwa wanatunzwa hadi waolewe. Basi hisia zote zikamwendea rafiki. Nobuko Yoshiya, aliyeanza kuchapisha hadithi za Hana Monogatari mwaka 1916, aliandika juu ya wasichana wanaopendana kwa dhati na kuandikiana barua, kisha wakatenganishwa na ndoa, maradhi au kifo. Machozi, maua, na ile hali ya kuchambua kila neno alilosema mwenzako, yote hayo yalikuwapo kabla mvulana hajaingia ukurasani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia shule nyingi zikawa za mchanganyiko. Jarida la Nakayoshi lilianza mwaka 1954 na lile la Ribon mwaka 1955, lakini wachoraji wengi walikuwa wanaume, na visa vilivyopendwa vilikuwa vya mama na binti waliopotezana. Mabadiliko yaliletwa na wanawake vijana walioshika kalamu miaka ya 1960. Machiko Satonaka alianza kuchapishwa mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 16 tu, karibu rika moja na wasomaji wake. Mapenzi ya shuleni yakaingia kupitia mikono ya namna hiyo, yakakaa juu ya msingi uliokwisha kujengwa.

Shule ya Kijapani yenyewe inachochea mvutano huu kati ya urafiki na mapenzi. Mwaka wa masomo huanza Aprili, na shule nyingi huchanganya upya madarasa kila mwaka. Walimu ndio wanaohamahama. Wanafunzi hushinda chumba kimoja na watu wale wale, na kufanya usafi pamoja. Makundi hujiunda mapema sana. Anayekosa kundi ataishi na upweke huo hadi Machi. Kwa hiyo binti anayempenda kijana ambaye rafiki yake anamtaka hachezi na moyo wake peke yake, bali anahatarisha mahali pake darasani.

Keiko Suenobu aliliangalia jambo hili bila huruma katika Life, iliyotoka kati ya 2002 na 2009. Ayumu anafaulu mtihani wa kuingia shule aliyoitamani rafiki yake, rafiki anafeli, urafiki unakatika; huko mbele yanamngoja mateso ya wanafunzi wenzake. Karuho Shiina, katika Kimi ni Todoke, alichagua upole: Sawako, anayeogopwa na darasa zima, anajifunza kwanza kuamini kwamba ana marafiki, na maungamo ya mapenzi yanasubiri sana. Manga dhaifu za aina hii humfanya hasimu kuwa mwovu mtupu ili msomaji apumue. Shiina hakufanya hivyo. Kurumi, anayeeneza uvumi ili kumharibia Sawako, anapewa machozi yake mwenyewe na haki ya kusikilizwa.

Anayetaka kuona uzi huu ukifika kwa watu wazima asome NANA ya Ai Yazawa, iliyoanza mwaka 2000. Wanawake wawili wa miaka 20 wanakutana kwenye treni iendayo Tokyo, wanapanga nyumba moja, wanapenda wanaume, wanaumizwa. Lakini sauti inayosimulia kutoka miaka ya baadaye haimwiti mwanamume yeyote. Mmoja wao, Hachi, anazungumza na Nana, rafiki aliyeondoka. Yazawa aliugua mwaka 2009 na hadithi ikasimama, na wasomaji hadi leo wanangoja kujua kama wawili hao watakutana tena.