Maji katika Ibada (3): Chumvi na Tope la Delta

Juma lililopita tuliishia Makka, kwenye kisima cha Zamzam. Leo turudi Kibiti, kwani mtu wa Salale au Msala ana swali lililo karibu naye zaidi: maji haya ya mtoni, mara matamu, mara chumvi, yanafaa kutawadhia?

Kwenye midomo ya Rufiji, kama Simba Uranga na Kikunya, bahari huingia mtoni kila maji yanapojaa. Bamvua huisukuma chumvi mbali zaidi, masika huirudisha. Hukumu yake ilikwisha kutolewa zamani. Katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira, mtu alimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba husafiri baharini na maji machache, na wakiyatawadhia watapata kiu. Akajibiwa kwamba maji ya bahari ni tohara, na mfu wake ni halali. Aliuliza udhu, akapewa na kitoweo!

Tope nalo halidhuru. Kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata pwani hii, maji yaliyobadilika kwa udongo wa mahali yanapopita hubaki tohara na yanatoharisha. Kutayamamu ndiko kugumu huku, kwani kunataka vumbi kavu, na kwenye mikoko utalipata wapi?

Kuna la mafuriko, kama yale ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba na vyoo. Maji yaliyofika kulateni, yaani lita 200 hivi, hayanajisiki mpaka najisi ibadilishe rangi, harufu au ladha yake. Lakini tusichanganye mambo: maji yanayofaa kwa udhu si lazima yafae kunywewa. Kipindupindu hakisomi fiqhi. Chemsheni.

Kwa hiyo, pale maji matamu yanapofuatwa kwa mtumbwi na madumu, sioni uchaji wowote katika kuyamwaga kwa udhu ilhali mto uko mlangoni. Mtume mwenyewe alitawadha kwa mudi moja, isiyofika hata lita. Wanaojenga misikiti ya delta nawaomba wavune mvua ya paa la msikiti, wayahifadhi maji hayo kwenye tangi kwa ajili ya wenye kiu, na udhu wauachie mto, palipo salama na mamba.

Juma lijalo: birika la msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani.