Rili za sangara: Breki ipi inafaa chambo kizito?

Mfanyabiashara akiagizwa na mteja wa Uganda "rili yenye breki nzuri", kuna swali la kuuliza kabla ya kulipa: ni breki ya kurusha chambo au breki ya kumchosha samaki? Hivi ni vitu viwili tofauti ndani ya kifaa kimoja. Akikosea, mzigo unaweza kurudishwa.

Wageni huenda kwenye Mto Nile, chini ya maporomoko ya Murchison, kuvua sangara kwa fimbo kama mchezo. Samaki huyo, anayeitwa mputa Uganda na mbuta nchini Kenya, anaweza kuzidi kilo 100. Ndiyo maana chambo bandia kinachotumika ni kikubwa, mara nyingi cha gramu 60 hadi 100 au zaidi.

Kinachotokea wakati wa kurusha

Katika rili za aina hii, bobini ya mshipi huzunguka chambo kinapoondoka. Angani chambo hupunguza kasi kwa sababu ya upepo, lakini bobini huendelea kuzunguka. Mshipi hutoka kuliko unavyohitajika na kujifunga mafundo. Kwa chambo kizito hasara ni kubwa zaidi: mshipi ukikwama ghafla hukatika, chambo hupotea, na kinaweza kumjeruhi aliye kwenye mashua. Breki ya kurusha huzuia hali hiyo.

Aina za breki

Ya kwanza ni ya vipande vidogo vinavyosukumwa nje na mzunguko wa bobini na kusugua pete, kama lainingi zinavyobana ngoma ya gurudumu la lori. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayovisukuma huongezeka mara nne. Kwa hiyo breki hii hushika sana mwanzoni, kisha huachia chambo kiende mbali. Kwenye rili nyingi, hasa za zamani, mvuvi hufungua kifuniko cha pembeni ili kuongeza au kupunguza vipande vinavyofanya kazi.

Ya pili ni ya sumaku. Hakuna kinachogusana, kama ilivyo kwa ritada za umeme za mabasi. Nguvu yake hupungua taratibu zaidi, hivyo huendelea kushika hata mwisho wa mrusho. Kwa kawaida hurekebishwa kwa kitufe cha nje.

Zipo pia rili zinazochanganya aina hizo mbili, na nyingine zinazoongozwa na kompyuta ndogo, kama zile za Shimano zenye alama ya DC. Hizi za mwisho ni za bei ya juu, na kifaa hicho kikiharibika hakitengenezwi kwa bisibisi.

Ipi ichaguliwe?

Kwa chambo kizito kilichoshikamana, mfano cha chuma, breki ya vipande inafaa zaidi. Uzito wenyewe huvuta mshipi, na vipande vichache vinatosha.

Kwa chambo kizito lakini kinene, kama samaki mkubwa wa mbao au wa mpira, upepo hukizuia mapema. Hapo breki ya sumaku au ya mchanganyiko ni salama zaidi. Aidha, mashua za kukodisha, ambazo mtumiaji hubadilika kila siku, hunufaika na kitufe cha nje, kwani nahodha hurekebisha bila kufungua kitu.

Hata hivyo, breki haiokoi rili ndogo. Kwa uzito huo, wengi hutumia ukubwa wa 300 au 400.

Kujaribu ni rahisi. Funga chambo, kaza kitufe cha bobini hadi chambo kishuke polepole, na bobini isimame kinapogusa chini. Anza na breki nyingi, kisha punguza kidogo kidogo.

Mpakani

Rili za kuvulia huorodheshwa forodhani chini ya namba 9507.30. Rili iliyotengenezwa nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haipati cheti cha uasili wa bidhaa kwa sababu tu imenunuliwa Nairobi au Mombasa. Msafirishaji abebe nyaraka za forodha za mzigo huo.

Kabla ya kuagiza, mteja aulizwe mambo matatu: uzito wa chambo, umbo lake, na nani atakayerusha. Majibu hayo ndiyo yanayochagua breki.