Kete Zenye Ulimi na Zenye Ila

Mtu atokaye Mombasa akafika Kisii hupokewa kwanza na baridi, kisha migomba, kisha mvua ya alasiri. Mimi nilipokewa na mawe pia. Mpwa wangu anasoma chuo huko, na siku ya pili ya ziara yangu alinichukua hadi Tabaka, kwenye wachonga mawe. Jiwe la Kisii ni laini, jeupe au la rangi ya waridi. Huchongwa, husuguliwa kwa msasa na maji, kisha hupakwa nta likang'ara. Hutoka vibakuli, viboko na seti za sataranji, kete 32 kamili. Nilinunua seti moja, nikiinuia baraza yetu ya Mji wa Kale. Kumbe kete zile zilikuwa na kazi nyingine usiku ule ule.

Chumbani kwa mpwa wangu walikuja vijana wanne. Wakatandaza karatasi iliyochorwa mji wenye ukuta na lango, wakaziomba kete zangu. Farasi akawa askari wa lango, shaha akawa liwali, na kete moja ndogo ikawa mpwa wangu mwenyewe, tajiri wa majahazi mwenye ulimi wa asali.

Mchezo huu, ndugu msomaji, umetoka Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, wakiuzaa kutokana na michezo ya vita vya vinyago. Katika sataranji farasi ana mwendo wake tu. Hana haya, hana kiburi, hana deni la mtu. Mabwana hawa walimpa kila mchezaji mtu mmoja wa kumvaa, mwenye vipimo sita: nguvu, akili, hekima, wepesi, siha na haiba. Kila kipimo kilitokana na dado tatu, kwa hiyo hakikupungua 3 wala kuzidi 18. Mmoja wao huwa mwendeshaji. Yeye husimulia ulimwengu, wenzake husema wanalotenda, na penye shaka dado huamua.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mpwa wangu ana kigugumizi tangu utotoni. Tajiri wake ana haiba ya 17. Walipofika langoni mwendeshaji, kijana wa Kisii mwenye sauti nzuri, akamwambia, "Haya, sema unavyomwambia askari." Mpwa wangu akafungua kinywa, neno la kwanza likakwama. Akajaribu tena, likakwama. Mmoja akacheka. Mwendeshaji akasema, "Askari hakushawishika," wakataka kuendelea.

Nakiri nilipandwa na hasira. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu mwenzako anacheza shujaa wa kubomoa milango. Mbona hukumwambia akanyanyue lile jiwe lililo nje pale, tuone?" Kimya. Kisha mwendeshaji akasema polepole, "Mzee, hilo sikuwa nimelifikiria." Hapo majadiliano yakaanza, chai ikapoa.

Wapo waliosema kwamba dado ikisema badala ya mtu, mchezo umekuwa hesabu ya duka. Mimi nimelelewa katika malumbano ya mashairi, katika mji wa Muyaka bin Haji, nami naijua ladha ya jibu lililotoka papo kwa papo. Lakini malumbano humpima malenga mwenyewe. Hapa anayepimwa ni tajiri wa karatasi, na kumnyima ulimi kwa sababu aliyemvaa ana kigugumizi ni dhuluma, hata kama ni ya mchezo.

Njia waliyokubaliana ni hii. Mchezaji ataje analolitaka na hoja atakayoitumia, kwa maneno yoyote aliyonayo. Mwendeshaji aipime hoja, si sauti. Ikiwa nzuri, apunguze namba inayohitajika, kisha dado irushwe pamoja na haiba. Anayependa kunena kwa madaha na anene.

Upande wa ila mambo ni magumu zaidi. Mwaka 1986 ulitoka mchezo uitwao GURPS, ambao mchezaji hulipwa pointi kwa kila ila anayoikubali: hasira, uchoyo, woga. Pointi hizo hununulia nguvu kwingine. Ni kama kumlipa hamali kabla hajajitwisha gunia. Wengi huchukua malipo na gunia likabaki bandarini. Toleo la mwaka 2004 likaweka mtihani: ukichokozwa, kwa ila ya kawaida, lazima dado tatu zipate 12 au chini ndipo ujizuie, yaani kiasi cha mara tatu katika nne.

Dungeons & Dragons ya mwaka 2014 ililipa baada ya kazi. Ukiiishi ila yako mezani, mwendeshaji aweza kukupa ruhusa ya kurusha dado mara mbili, ukachagua iliyo bora. Lakini ninaoupenda zaidi ni Pendragon wa Greg Stafford, wa mwaka 1985. Humo tabia zimepangwa jozi 13, ukarimu na uchoyo, ukweli na udanganyifu, na kila jozi jumla yake ni 20. Ukarimu ukipanda, uchoyo hushuka. Sheikh wangu wa chuoni angeielewa mizani hiyo bila ya kufafanuliwa.

Jambo moja silivumilii, nalo ni kijana kumwibia mwenzake mezani, kisha akajitetea kuwa ndivyo mtu wake alivyo. Huyo mtu nani alimuumba?

Najua wako watakaoniuliza kuhusu dado. Wanazuoni wengi wamekataza nardi hata pasipo na dau, nami si mufti. Mwenye shaka na amwendee sheikh wake, na ajue pia kwamba tangu mwaka 1991 uko mchezo wa Amber usiotumia dado kabisa.

Turudi langoni. Mpwa wangu, kwa mwendo wake mwenyewe na bila ya mtu kumkatiza, alisema kwamba mvua ikizilowesha tende hizi, ushuru wa liwali utaoza pamoja nazo. Ilihitajika 15, mwendeshaji akaishusha hadi 13. Dado ya nyuso 20 ikaleta 11, haiba ikaongeza 3. Lango likafunguliwa.

Wakanikaribisha nami. Waliponiuliza ila ya mtu wangu, nikajibu, "Hasira."

Mpwa wangu akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjo-mjomba," akasema, "hiyo haihesabiwi. Hiyo umekuja nayo."