Sentimita 212

Sebuleni kwangu, ukutani karibu na mlango, pana mstari wa chaki. Vijana wanaokuja kujiandaa kwa usaili wa uhudumu wa ndege huanzia hapo kabla hata ya kupewa maji ya kunywa. Wanavua viatu, wanaugeukia ukuta, wanachuchumia, wananyoosha mkono. Mstari uko sentimita 212 kutoka sakafuni, na ndipo Emirates na Qatar Airways wanapotaka ncha za vidole vyako zifike. Wahenga walimshauri mtaka cha mvunguni ainame. Huyu wa kabati la juu la ndege hawakuwahi kumwona.

Naanza na mstari huo kwa sababu kila wiki napokea ujumbe wenye maneno yaleyale: "Dada, nimeomba mara tatu, mara zote wamenikataa. Nifanyeje?" Nami hujibu kwa swali: walikukatia wapi? Wengi hawajui, na si kosa lao. Barua ya kukataliwa inakushukuru kwa muda wako, inakwambia ushindani ulikuwa mkubwa, inakutakia kila la heri. Sababu haitaji. Aliyepungukiwa sentimita mbili na aliyeteleza kwenye mahojiano ya mwisho wanapata barua ileile, nukta kwa nukta. Matokeo yake mtu anarudi baada ya muda na wasifu uleule, picha ileile na majibu yaleyale aliyoyakariri mtandaoni, na hiyo anaiita uvumilivu.

Mimi nilipigwa chini mara nne kabla ya kuvaa sare. Kwa hiyo haya siyasemi kwa kukaa pembeni.

Tuanze na huo mkono. Vijana wengi hudhani kipimo ni mambo ya urembo, kama mashindano ya ulimbwende. Siku moja ukipanda ndege, mwangalie mhudumu anavyofungua makabati ya juu kabla ndege haijaondoka. Anakagua. Mle, katikati ya mabegi yenu, ndimo inamohifadhiwa sehemu ya vifaa vya dharura: mtungi wa oksijeni wa kubebeka, sanduku la huduma ya kwanza, kipaza sauti cha mkono. Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines aina ya A350 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani ilipokuwa ikitua Haneda, Tokyo, ikashika moto. Watano kati ya sita waliokuwamo kwenye ile ndogo walifariki. Ndani ya A350 mlikuwa na watu 379, na mfumo wa matangazo ulikuwa umekufa. Wahudumu walitumia vipaza sauti vya mkono na koo zao. Kati ya milango minane walifungua mitatu tu, kwa kuwa mingine haikuwa salama kuitumia. Wote 379 walitoka. Sasa fikiria kile kipaza sauti kiko juu, moshi unashuka, na wewe vidole vyako vinaishia chini ya kitasa.

Kipimo chenyewe kimebadilika kadiri ndege zilivyobadilika, na hapa pana kichekesho kidogo cha historia. Mhudumu wa kwanza mwanamke alikuwa Ellen Church, muuguzi wa Kimarekani aliyejifunza kurusha ndege. Alikwenda Boeing Air Transport akitaka urubani, akanyimwa kwa sababu ni mwanamke. Badala ya kuondoka, akawapa wazo jingine: abiria wanaogopa kuruka, wekeni wauguzi ndani. Tarehe 15 Mei 1930 alipanda ndege Oakland kuelekea Chicago akiwa kazini. Masharti ya wale wauguzi wanane wa mwanzo yalikuwa kinyume cha ya leo: usizidi futi 5 na inchi 4, yaani kama sentimita 163, na usizidi kilo 52. Dari la ndege zile lilikuwa chini, na kila kilo ilihesabiwa. Yaani kazi hii ilizaliwa na mtu aliyekataliwa, na leo wapo ambao wangeipata mwaka 1930 lakini hawaipati sasa.

Ukishajipima ukakuta hufiki, mimi sikupi moyo wa bure. Mazoezi ya kunyoosha mgongo na mabega yanaweza kukuongezea kidogo. Hayatakupa sentimita sita. Soma tangazo la kila shirika kwa sababu vimo havifanani, na usisahau kwamba uwanja wa ndege una kazi nyingi zisizohitaji kuchuchumia.

Wanaofika kwenye mstari, kinachowaangusha kwa kawaida ni kingine. Mara ya kwanza nilikatwa kwenye makaratasi. Wasifu wangu ulikuwa na vyeti vitano na hakuna hata mwezi mmoja wa kumhudumia mtu. Emirates, kwa mfano, wanataka angalau mwaka mmoja wa kazi ya ukarimu au huduma kwa wateja, na umri usiopungua miaka 21. Mapokezi ya hoteli, duka la simu, mgahawa, dirisha la benki: vyote vinahesabika. Kijana akiniuliza alipe ada ya kozi au aende kufanya kazi ya mapokezi kwa mshahara mdogo, namwambia aende mapokezi. Kozi si mbaya. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo wanafundisha, na Wakenya wana chuo chao cha anga Embakasi. Kwa anayelenga mashirika ya nyumbani ni njia nzuri. Ila mashirika makubwa ya Ghuba hukufundisha yenyewe baada ya kukuajiri, kwa wiki kadhaa, kuanzia kufungua mlango wa dharura hadi kumfanyia mtu aliyezimia huduma ya kwanza. Cheti chako cha kozi ya miezi mitatu hakiwashtui.

Mara ya pili nilianguka mahali ambapo nilijiona shujaa. Ilikuwa ukumbi wa hoteli Nairobi, tumeketi wanane kwenye meza ya duara, tumepewa karatasi: hoteli ina vyumba vitano, wageni ni kumi, amueni nani apate. Kuna mjamzito, kuna maharusi, kuna mzee mwenye fimbo, kuna rubani anayeruka alfajiri. Nikaidaka kalamu. Nikajifanya mwenyekiti. Kulia kwangu alikuwapo binti mpole. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili nikamkata. Wasaili walikuwa wamesimama nyuma yetu na vibao vyao wakiandika, nami nikaamini wanaandika hoja zangu. Baada ya dakika ishirini waliita majina. Yule binti aliitwa.

Miaka baadaye, nilipokuwa nasaidia kwenye usaili upande wa pili wa meza, ndipo nilipoelewa. Hakuna anayejali nani alipewa chumba. Katika shirika kubwa, mhudumu hukutana na wenzake wa safari kwenye kikao kifupi kabla ya kuondoka, wengi wao hajawahi kuwaona, na muda si mrefu wote wamo hewani pamoja. Asiyeweza kumsikiliza mgeni aliye kulia kwake kwa dakika kumi, hatamsikiliza mwenzake anayemwambia kwamba nyuma kunanuka moshi. Ndege mpya huthibitishwa kwa kuonyesha kwamba inaweza kutoa watu wote ndani ya sekunde 90, gizani, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Mwaka 2006, huko Hamburg, watu 873 walitoka kwenye Airbus A380 kwa sekunde 78. Mwendo huo haupatikani kama kila mhudumu ni mwenyekiti.

Mara ya tatu nilifika mahojiano ya mwisho. Mama mmoja mwenye miwani, sauti ya chini, akaniambia: tueleze siku uliyomhudumia mteja aliyekasirika. Nikamwagika: mteja ni mfalme, mimi humsikiliza kwa makini, hutabasamu, humwomba radhi. Akaniacha nimalize, kisha akauliza neno moja tu: "Lini?" Sikuwa na jibu.

Swali la namna hiyo linataka tukio. Falsafa ya huduma hawaihitaji. Nina mwanafunzi aliyekuwa akikata tiketi za boti za Zanzibar. Naye alianza na hadithi za mteja ni mfalme. Nikamzuia: nipe mtu mmoja. Akakumbuka mzee aliyefika dirishani boti ikiwa inataka kung'oa nanga, mkononi ana tiketi ya jana, na anapiga kelele kwamba ameibiwa. "Nilimwambia, shikamoo babu, kaa hapa nikuangalizie," akasimulia. Alipoisoma tiketi akagundua babu alichanganya siku kwa sababu mjukuu ndiye aliyemkatia kwa simu. Boti ile aliikosa. Binti akamtafutia nafasi ya jioni, akamwonyesha palipo na kivuli, akampigia yule mjukuu. Hakuna ushujaa wowote hapo, lakini kuna saa, kuna mtu, kuna alichofanya na kilichotokea. Nikamwambia hilo ndilo jibu, na asiongeze chumvi.

Kiingereza nacho kina mitego yake, hasa kwetu Watanzania. Nakiri kwamba Wakenya na Waganda hutuzidi kasi. Lakini kinachowaudhi wasaili kuliko makosa ya sarufi ni lafudhi ya kuazima, kile Kiingereza cha puani kinachopotea mara tu swali linapobadilika. Ongea taratibu, kwa sauti yako. Na usione haya kuandika Kiswahili kwenye orodha ya lugha zako. Mashirika yanayotua Dar, Nairobi na Entebbe yana abiria wasiojua lugha nyingine, na mhudumu anayeweza kumwambia bibi wa Pemba "funga mkanda, bibi" ana thamani yake.

Mara ya nne sijui. Hadi leo sijui. Nilifika kwenye mstari, nilisikiliza, nilisimulia, nikapata barua ileile. Huenda walihitaji thelathini nami nilikuwa wa thelathini na moja. Na kuna kukataliwa ambako aibu yake ni ya mkataaji: Ruth Carol Taylor, muuguzi mweusi wa New York, alikataliwa na shirika la ndege la TWA miaka ya 1950 kwa sababu ya rangi yake, akapeleka malalamiko kwenye tume ya jimbo, akaomba kwingine. Tarehe 11 Februari 1958 aliruka na Mohawk Airlines, Mmarekani mweusi wa kwanza katika kazi hiyo. Miezi michache baadaye aliacha kazi kwa kuwa mhudumu hakuruhusiwa kuolewa.

Neno moja kuhusu pesa, maana kila aliyekataliwa mara tatu hunukia kwa matapeli. Atakuja mtu na kundi la WhatsApp, nembo ya shirika, na "ada ya usajili". Shirika la kweli halikutozi kukusaili. Ukiombwa hata elfu ishirini, funga simu. Mashirika mengi huweka muda kabla ya kuomba tena, mara nyingi miezi sita. Miezi hiyo inatosha kurekebisha kitu kimoja unachokijua.

Yule wa boti ana usaili mwezi ujao, na ni wake wa tatu. Jana jioni alikuja tena mstarini, akachuchumia hadi vifundo vikatetemeka, kidole cha kati kikaupita kwa upana wa ukucha. Vumbi la chaki limeanza kufifia kwa kuguswaguswa, na mwenye nyumba wangu anataka niufute kabla hajapaka rangi ya Idi. Nimemwomba anisubiri mwezi mmoja.