TOCHI YA KICHWANI: TUCHAGUE KWA AKILI, SIYO KWA MACHO

Sisi tunaoishi upande wa Mkuyuni tunajua jinsi giza linavyotuwahi. Milima ya Uluguru iko magharibi yetu. Kwa hiyo jua hujificha nyuma ya milima mapema, hata kabla ya kuzama lenyewe. Ikifika saa 1 na nusu usiku, njia ya mlimani haionekani tena. Na usiku wetu ni mrefu, karibu saa 12, masika na kiangazi.

Lakini kazi hazisubiri jua. Mkulima wa Kinole au Tegetero anayepeleka ndizi barabarani huondoka usiku ili awahi gari la alfajiri. Mama mjamzito hachagui saa ya kushikwa na uchungu. Vijana wanaowabebea mizigo wageni wa milimani hulala kambini msituni. Wote hawa wanahitaji mwanga, tena mwanga wa kuaminika.

Siku hizi tochi za kichwani zimejaa madukani na magulioni. Nyingine ni nzuri. Nyingine ni feki, zinang'aa dukani na kuzimika njiani. Je, tutazitambuaje? Katika makala hii tunaeleza hatua kwa hatua.

KWA NINI KICHWANI?

Tochi ya mkononi inakula mkono mmoja. Mtazame mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni. Mkono mmoja unashika mzigo, mwingine unashika tochi. Akiteleza, atashika nini? Tochi ikiwa kwenye paji la uso, mkono mmoja unabaki huru kwa ajili ya fimbo. Tena mwanga unakwenda kule anakotazama.

Fikirini pia mgonjwa aliyebebwa kwa machela kutoka kitongoji cha juu. Wabebaji ni 4. Akianguka mmoja, wameanguka wote, na mgonjwa juu yake. Kama tochi ni moja tu tena iko mbele, wa nyuma wanakanyaga gizani. Tochi 2 za kichwani, moja mbele na moja nyuma, zinaweza kuokoa maisha.

Yuko pia nyoka aitwaye kifutu. Huyu hana haraka ya kukimbia akisikia hatua zetu. Hulala kimya njiani, rangi yake ikifanana na majani makavu. Watu wengi huumwa kwa sababu wamemkanyaga. Dawa ya kwanza ni kumwona mapema.

Wengine watasema, "Mimi nina tochi ya simu, inanitosha." Sawa, lakini tochi ya simu inamaliza chaji ya simu. Ukipata ajali utaita msaada kwa kutumia nini? Na wanaotembea na kijinga cha moto, tahadhari! Cheche moja wakati wa kiangazi inaweza kuunguza msitu. Msitu ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, na ndimo vinamoanzia vijito vya Mto Ruvu unaonywesha mpaka Dar es Salaam.

MWANGA KIASI GANI UNATOSHA?

Zamani tochi zilikuwa na balbu yenye uzi mwembamba ndani. Uzi ule uliwaka kwa kupata moto, na umeme mwingi ulipotea kuwa joto tu. Tochi za leo hutumia taa ndogo ziitwazo LED. Hizi hutoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo. Wanasayansi 3 waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya bluu, ambayo ndiyo iliyowezesha LED zenye mwanga mweupe. Ndiyo maana betri zilezile siku hizi zinadumu zaidi.

Mwanga wa tochi hupimwa kwa lumeni, kama vile mchele unavyopimwa kwa kilo. Kwenye boksi utaona namba ikifuatiwa na herufi lm. Mshumaa mmoja hutoa lumeni 12 hivi. Kupika au kusoma kambini, lumeni 10 mpaka 30 zinatosha. Kutembea kwenye njia ya mlimani, lumeni 50 mpaka 100 zinatosha kabisa. Kutafuta njia iliyopotea au daraja la miti ng'ambo ya mto, lumeni 200 zinasaidia, lakini kwa dakika chache tu.

Sasa, dukani utakuta boksi limeandikwa lumeni elfu kadhaa, na tochi yenyewe ni ya bei ya chee. Usibabaike. Mara nyingi namba hiyo ni ya kuvutia wanunuzi tu. Na hata ingekuwa ya kweli, mwanga mkali hula betri upesi. Tafuta tochi yenye ngazi 2 au 3 za mwanga, ili upunguze pale ambapo hauhitajiki.

Nyingine zina mwanga mwekundu pia. Huo siyo urembo. Macho yetu huchukua dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe huharibu mazoea hayo mara moja. Mwekundu hafifu hauyaharibu sana, wala hauwachomi macho wenzako kambini.

CHAKULA CHA TOCHI NI BETRI

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunauliza, "Inawaka mpaka wapi?" Tungeuliza kwanza, "Inakula nini, na chakula hicho nitakipata wapi?"

Kuna tochi za betri kavu. Betri ndogo za AA na zile nyembamba za AAA hupatikana hata kwenye duka la kitongojini. Soma maandishi kwenye ganda la betri. Ukiona R6, hiyo ni AA ya kawaida, na nguvu yake huisha upesi. Ukiona LR6, hiyo ni AA ya alkali. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini hudumu zaidi. Kwa zile nyembamba ni hivyohivyo: R03 ni ya kawaida, LR03 ni ya alkali. Herufi L moja tu, lakini faida yake utaiona njiani. Kusoma ni mali.

Kuna tochi za kuchaji pia. Nyingi zina betri iitwayo 18650. Namba hiyo inaeleza umbo lake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Uwezo wa betri huandikwa kwa mAh. Betri nzuri ya ukubwa huo hubeba 2,000 mpaka 3,500 hivi. Ukikuta imeandikwa 9,900, jua unadanganywa. Ni sawa na mtu kukuambia debe lake linabeba madebe 3.

Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Weka bei za kwenu.

Tochi ya kwanza ni shilingi 6,000. Inakula betri 3 za shilingi 500 kila moja. Unabadilisha mara 2 kwa mwezi, yaani shilingi 3,000. Kwa mwaka ni shilingi 36,000. Ongeza bei ya tochi, jumla shilingi 42,000.

Tochi ya pili ni ya kuchaji, shilingi 20,000. Unachajisha dukani mara 4 kwa mwezi kwa shilingi 300, yaani shilingi 1,200. Kwa mwaka ni shilingi 14,400. Ongeza bei ya tochi, jumla shilingi 34,400.

Umeona? Ile iliyoonekana rahisi imekuzidi kwa shilingi 7,600. Na kama una umeme wa jua nyumbani, tochi ya kuchaji inakuwa nafuu zaidi. Lakini anayelala msituni siku 4 hana pa kuchajia. Huyo anafaa kuwa na tochi ya betri kavu, na betri za akiba mfukoni. Kwa hiyo hakuna tochi moja iliyo bora kwa watu wote. Tochi bora ni ile inayolingana na safari yako.

Jambo jingine ni saa za kuwaka. Boksi likisema saa 8, usidhani itawaka kwa nguvu ileile saa zote 8. Watengenezaji wengi huhesabu mpaka mwanga ubaki sehemu 1 ya 10 ya ule wa mwanzo. Tena mara nyingi saa nyingi huwa ni za ngazi ya chini. Kwa hiyo kama safari yako ni ya saa 4, tafuta tochi ya saa 8 au zaidi, katika ngazi utakayotembelea.

MVUA, UKUNGU NA BARIDI

Upande wetu wa mashariki unakabili Bahari ya Hindi, hivyo tunapata mvua nyingi. Tafuta alama ya IPX4 kwenye boksi. Namba 4 maana yake tochi inavumilia maji yanayorushwa kutoka pande zote, kama mvua. Namba 7 maana yake inaweza kuzama kwenye maji ya kina cha meta 1 kwa dakika 30. Kama hakuna alama, ichukulie kuwa haivumilii maji.

Ukungu nao una ujanja wake. Tochi ikiwa kichwani, mwanga hugonga ukungu na kurudi machoni. Unaona ukuta mweupe tu. Basi ivue uishike chini, usawa wa kiuno. Mwanga ukitoka chini, mawe na mashimo yanatoa kivuli, nawe unayaona vizuri.

Huko juu, kwenye uwanda wa Lukwangule na kilele cha Kimhandu kinachopita meta 2,600, usiku kuna baridi kali. Betri hupungukiwa nguvu kwenye baridi. Wapagazi na waongozaji wa Mlima Kilimanjaro wanalijua hili. Safari ya mwisho kwenda kileleni, meta 5,895, kwa kawaida huanza karibu saa 6 usiku. Ndiyo maana betri za akiba huwekwa ndani ya nguo, karibu na mwili, zisipoe.

JARIBU KABLA YA KULIPA

Usione haya dukani. Fedha ni yako. Fanya hivi:

1. Ivae na utikise kichwa. Isidondoke, wala isibane.

2. Kama unabeba mzigo kichwani, ivae pamoja na kanga na kata yako. Mkanda ukae chini ya kata.

3. Inamisha taa. Iweze kuangaza hatua 3 mbele ya miguu yako, na ibaki pale ulipoiweka.

4. Bonyeza swichi mara 10. Isiwe legelege, isiwe rahisi kuwaka yenyewe ndani ya mfuko.

5. Fungua mahali pa betri. Kifuniko kifunge vizuri.

6. Omba risiti, na uulize utairudisha vipi ikiharibika.

UKISHAINUNUA

Usichanganye betri mpya na za zamani. Weka alama ya + na ya – mahali pake. Ukikaa muda mrefu bila kuitumia, toa betri kavu zisije zikavuja na kula chuma. Betri ya kuchaji ikivimba au kupata moto sana, acha kuitumia. Usichajie juu ya godoro. Betri zilizokwisha usizitupe mtoni wala motoni, na watoto wasizichezee.

Kabla ya safari ya usiku, iwashe nyumbani kwanza. Afadhali ikuzimikie mlangoni kuliko ukingoni mwa korongo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kitongoji chenu, ni njia zipi zinazotumika sana usiku? Zina hatari gani?

2. Je, kitongoji kinaweza kuchanga na kununua tochi 2 za kubebea wagonjwa? Nani atazitunza na kuzichaji?

3. Chukueni betri moja nyumbani. Someni maandishi yake. Ni ya kawaida au ya alkali?

4. Pigeni hesabu ya fedha mnazotumia kwa betri katika mwaka mmoja.