Maisha ya Mwanafunzi wa Udaktari Katika Nchi ya Baridi

Hapa Marungu, katika nyanda za chini za Taita, mtu huanza kutafuta kivuli kabla ya saa nne ya asubuhi. Mwezi wa Februari joto la mchana hupita digrii 30, na anayetaka kuionja baridi hana budi kupanda milimani hata Wundanyi mwezi wa Julai, wakati ukungu umekishika kilele cha Vuria, chenye urefu wa meta 2,208. Lakini hata huko hatumwoni mtu akitembea juu ya maji yaliyoganda. Kwa hiyo mzazi wa Marungu ambaye mtoto wake amepata nafasi ya kusomea udaktari ng'ambo huuliza neno moja kabla ya mengine yote: Je, mwanangu ataiweza baridi ya huko?

Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu lililo wazi. Baridi yenyewe haimshindi kijana aliyejitayarisha. Yanayomshinda ni mambo yanayofuatana nayo, yaani giza, upweke na upungufu wa fedha. Na katika hayo matatu mzazi aliye nyumbani ana sehemu yake ya kutenda.

Waliotangulia

Kabla ya mwaka 1967, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokuwa bado hakijaanza kufundisha udaktari, Mkenya aliyetaka kuwa daktari alikwenda Makerere, ambako mafunzo ya uganga yalianza mwaka 1924 katika hospitali ya Mulago. Nafasi zilikuwa chache, na baadhi ya vijana wakavuka bahari. Marehemu Dk. Munyua Waiyaki, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Kenya, alisomea kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland. Kabla yake Dk. Hastings Banda wa Nyasaland, nchi ambayo sasa yaitwa Malawi, alipata shahada yake ya udaktari Marekani mwaka 1937, kisha akaongeza masomo Edinburgh hata mwaka 1941. Wote wawili walitoka katika nchi za jua, nao waliyastahimili majira ya baridi ya kaskazini.

Siku moja ya Desemba

Na tuitazame siku moja ya mwanafunzi wa zamani hizo mjini Edinburgh. Katika siku zilizo fupi kabisa za mwezi wa Desemba, jua la huko huchomoza saa mbili na dakika arobaini hivi za asubuhi, na kuchwa saa tisa na dakika arobaini za mchana. Mchana wote ni wa saa saba tu. Basi mwanafunzi huyo aliamka gizani, akaenda darasani gizani, na aliporudi kwake giza lilikuwa limekwisha kuingia tena.

Chumba alichopanga kilikuwa baridi kama kisima. Katika nyumba nyingi za kupanga palikuwa na moto wa gesi, lakini gesi hiyo ilipita katika kisanduku kilichotaka kutiwa shilingi kwanza. Shilingi ikiisha, moto huzimika. Hapo ndipo mtu alipovaa koti lake ndani ya nyumba, akajifunika blanketi magotini, na kuendelea kusoma majina ya mifupa na mishipa.

Tena kukipata chumba chenyewe haikuwa kazi nyepesi. Katika miaka ya 1950 wenye nyumba wengi wa Uingereza waliwafungia mlango watu weusi bila ya kificho, wala sheria haikuwazuia hata ilipotungwa sheria ya mwaka 1968 iliyokataza ubaguzi katika nyumba. Kijana aliyezunguka na sanduku lake katika theluji, akikataliwa mlango baada ya mlango, alijifunza kwamba iko baridi isiyopimwa kwa kipimajoto.

Masomo yenyewe hayakungoja jua. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kujifunza viungo vya mwili kwa kupasua maiti, katika chumba ambacho hakifai kutiwa joto jingi. Baadaye mwanafunzi aliingia wodini kumfuata mwalimu wake kitanda kwa kitanda. Huko baridi ilikuwa mwalimu wa pili, kwa maana wodi zilijaa wagonjwa wa mkamba na nimonia, na wazee waliovunjika mifupa kwa kuteleza kwenye barafu. Mwezi wa Januari mwaka 1963 ulikuwa mmojawapo wa miezi ya baridi kali kabisa Uingereza katika karne ile. Sehemu nyingi theluji ilidumu toka mwisho wa Desemba hata kuingia Machi.

Moshi na makaa

Liko funzo moja la majira hayo ambalo latuhusu hata sisi. Tarehe 5 hadi 9 Desemba mwaka 1952, ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji wa London. Hesabu ya kwanza ilisema watu kama 4,000 walikufa. Wataalamu wa baadaye wamesema huenda walifika 12,000. Watu walikuwa wakiota moto tu majumbani mwao, na moshi wa moto ule ule ukaharibu mapafu yao. Mwaka 1956 ikatungwa sheria ya kuisafisha hewa.

Nasi tukumbuke kwamba jiko la makaa likiingizwa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Kijana anayekwenda ng'ambo aonywe jambo hili, na ndugu zetu wa milimani waonywe pia kila ifikapo Julai.

Ya siku hizi

Siku hizi vijana wetu wanaweza kusomea udaktari hapa hapa Kenya, lakini wapo wanaokwenda Urusi, China na nchi nyingine za baridi kali. Mjini Moscow, ambako mwaka 1960 kilifunguliwa chuo kikuu kilichokusudiwa hasa wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, siku nyingi za Januari kipimo cha joto huwa chini ya sifuri mchana na usiku. Majumba ya huko hutiwa joto vizuri. Hatari iko njiani. Masikio na vidole visivyofunikwa huweza kugandishwa hata vikafa.

Kwa hiyo mzazi asiyeuza mbuzi na pojo ila kwa ajili ya karo na nauli amesahau nusu ya safari. Aweke fedha za koti zito, viatu vyenye soli isiyoteleza, glavu, kofia ya sufu, na nguo za ndani za kuvaliwa moja juu ya nyingine, maana hewa iliyonaswa kati ya nguo ndiyo itunzayo joto la mwili. Tena jua la huko katika majira ya baridi ni hafifu mno, na ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole zaidi kuliko nyeupe. Ni vema kijana amwulize daktari wa chuo habari ya vidonge vyake.

Kisha iko dawa ya upweke, nayo haina bei kubwa: habari za nyumbani. Kijana aelezwe mvua imenyeshaje, ndovu wameingia shamba gani, na nani amejifungua. Lakini asipelekewe kila siku maombi ya fedha asizokuwa nazo.

Mwisho, kabla ya kulipa hata senti moja, mzazi na aulize katika Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya kama chuo hicho kinatambuliwa. Mwenye shahada ya ng'ambo hawezi kutibu watu hapa mpaka Baraza hilo limkubali na kumwandikisha. Itakuwa msiba kijana kuvumilia miaka sita ya theluji, kisha akafungiwa mlango nyumbani kwao.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Marungu yahitaji madaktari, na mgonjwa wetu aliyezidiwa usiku bado husafirishwa hata Voi. Ikiwa mmoja wa watoto wetu atapita katika giza la Desemba ili siku moja amsikilize moyo mama mjamzito chini ya jua hili letu, basi na tumvalishe koti kabla hajaondoka.