Betri Nzima, Fundi Aliyebahatisha

Gari limegoma kuwaka asubuhi. Kijana aliyemaliza chuo juzi anafungua boneti, anagusagusa vichwa vya betri na kutoa hukumu: "Mzee, betri imekufa." Inanunuliwa mpya, na baada ya siku chache gari linagoma tena. Kumbe taa ya buti haizimi. Balbu ya wati 10 kwenye umeme wa volti 12 inavuta karibu ampia 0.8, na betri ya ampia-saa 60 inakaushwa kwa siku tatu hivi, hata ikiwa imetoka dukani jana.

Mikono ya kijana huyo haina kasoro. Kufunga betri anajua. Hakujiuliza tu betri imeishaje, na kujiuliza huko ndiko fikra tunduizi inayotajwa kwenye mitaala ya ufundi stadi. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali hadi sekondari, na nina hofu kwamba tutaifundisha fikra hiyo kwa kuandikisha maana yake daftarini, ikaririwe kama tarehe za historia.

Mahali pake ni karakana. Mwalimu atie hitilafu kwa siri kwenye gari la mazoezi. Kabla ya kushika spana, mwanafunzi aandike anachoshuku na atakavyokipima. Ndipo achukue mita. Betri iliyotulia ikisoma volti 12.6, imejaa. Injini ikinguruma na kipimo kikawa kati ya 13.8 na 14.4, kwa kawaida alteneta inachaji. Yote yakiwa sawa, kuna kinachokula umeme gari likiwa limezimwa. Apime mkondo kwenye waya hasi, achomoe fyuzi mojamoja hadi kipimo kishuke. Kila dhana aliyoifuta kwa ushahidi ipewe alama. Aliyepatia kwa kubahatisha asipewe zote, ingawa najua walimu wengi watabisha: si gari limewaka?

Shirika la Afya Duniani, lilipoainisha stadi kuu 10 za maisha miaka ya 1990, liliweka fikra tunduizi pamoja na mawasiliano na kudhibiti hisia. Karakana inazikutanisha vizuri. Mwanafunzi mmoja awe mteja mwenye hasira, aliyekwishalipia betri mpya kwa fundi mwingine. Mwenzake amwambie bila kumkejeli fundi yule: "Mama, betri yako ni nzima, shida ni swichi ya buti. Utalipia kazi ya kuitafuta."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Mteja amezoea kulipia spea anayoiona kwa macho, na fundi asiyeweza kutetea malipo ya saa nzima ya kupima ataona heri auze betri apate faida yake. Kwa hiyo mazoezi ya kuandika makadirio yaanze mapema, uchunguzi ukiwa na mstari wake na bei yake, juu ya orodha ya vipuri.